Pumzi ya Mzee Pharoah, barazani kwa mjomba

Siku Promises, albamu ya mpulizaji saksafoni Pharoah Sanders, inatoka, Ijumaa ya tarehe 26 Machi 2021, Mtwara hatukuwa na sikio la muziki. Ndiyo siku Rais Magufuli alipozikwa Chato. Redio zilipiga nyimbo za maombolezo kutwa nzima, na mjomba wangu alikaa barazani kwake Chikongola, redio ya betri mapajani, tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi, hasemi neno. Sikujua kwamba siku hiyohiyo, upande mwingine wa dunia, mzee wa rika lake ametoa kazi ambayo ningekuja kuisikiliza mara nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kukiweka kwenye simu.

Nilikutana nayo mwezi uliofuata, Ramadhani imeshaingia. Rafiki yangu aliyeko Dar alinitumia kiungo, chini yake akaandika neno moja tu: "Tulia." Nikatoka tarawehe, nikajilaza, nikavaa visikilizio, taa nikazima.

Kinachoanza ni noti saba. Zinapigwa kwa vinanda, polepole, kisha kimya. Zikipita sekunde kama tisa zinarudi zilezile. Kimya. Zinarudi. Nikangoja ngoma iingie, haikuingia. Nikangoja noti zibadilike, hazikubadilika. Kisha saksafoni ikaja, laini, chini kabisa, na kabla ya sauti nikasikia pumzi yenyewe: hewa inapita kwenye tete, ule ulimi mwembamba unaotiwa mdomoni, bado haijawa noti. Nilikaa kitako kitandani. Nina sababu yangu ya kuijua sauti hiyo ya hewa, na nitaifikia.

Jina la albamu, Promises, maana yake ni Ahadi. Waliokutana humo ni Pharoah Sanders, mpulizaji wa saksafoni aina ya tenor kutoka Marekani. Sam Shepherd, Mwingereza anayefanya muziki wa elektroniki kwa jina la Floating Points, ambaye pia ni daktari wa falsafa katika sayansi ya neva. Na wapiga nyuzi wa London Symphony Orchestra. Ni dakika 46 zilizogawanywa sehemu 9, na noti zile saba ndizo uzi uliozishona. Pharoah alikuwa na miaka 78 alipoingia studio Los Angeles mwaka 2019. Nyuzi za London zikaongezwa 2020, wakati wa korona. Ilipotoka, mzee alikuwa ametimiza 80.

Kwa wasiomjua: alizaliwa Little Rock, Arkansas, tarehe 13 Oktoba 1940, akaitwa Ferrell. Alifika New York mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa hana kitu. Alilala mitaani, akauza damu yake apate hela ya chakula, mpaka Sun Ra, kiongozi wa bendi ya jazi, alipompokea kwenye bendi yake. Mwaka 1965 John Coltrane, mpulizaji saksafoni mwenye jina kubwa, akamchukua, na wawili hao wakasimama pamoja wakipuliza kwa nguvu ambayo wasikilizaji wengi wa zamani wa Coltrane hawakuistahimili, wakatoka ukumbini. Coltrane alikufa Julai 1967 akiwa na miaka 40 tu. Pharoah akaendelea peke yake.

Mwaka huohuo wa 1967 ikatoka santuri yake aliyoiita Tauhid. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa neno hilo. Ni kumpwekesha Mungu, somo tulilofundishwa madrasa kabla hatujajua kuandika majina yetu. Mwaka 1969 akatoa Karma, ambayo ndani yake mna wimbo wa dakika 32 na zaidi, mrefu hata ikabidi ukatwe katikati, msikilizaji ainuke aigeuze santuri upande wa pili ndipo aumalizie. Humo Pharoah anapuliza mpaka saksafoni inapiga ukelele, kama mtu aliyeshikwa na jambo asiloweza kulisema kwa maneno. Huyo ndiye Pharoah ambaye wapenzi wa jazi walikuwa wamemweka kichwani kwa miaka 50.

Niongeze jambo moja pembeni, kwa sababu huwa linanigusa. Watu hawa walikuwa wanatutazama sisi wakati sisi hatuna habari nao. Mwaka 1958, miaka mitatu kabla ya uhuru wetu, Coltrane alishiriki kurekodi wimbo uliobeba jina la Tanganyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpiga piano Herbie Hancock na wenzake walijipa majina ya Kiswahili, yeye akajiita Mwandishi, na albamu yake ya 1971 ikatoka kwa jina hilohilo. Nilipomwambia mjomba habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na nani aliwajibu?"

Sasa mjomba.

Kwetu Wamakonde mjomba si jamaa wa kutembelewa sikukuu tu. Yeye ndiye mwenye neno. Posa inapita kwake, msiba unapita kwake, mtoto akikosea anapelekwa kwake. Huyu wangu alizaliwa Mikindani mwaka 1942, na katika miaka ya 1970 alikuwa mpulizaji wa saksafoni kwenye bendi ya shirika moja la umma hapa Mtwara. Enzi zile bendi nyingi zilikuwa za mashirika, majeshi au jumuiya. Mwenye mali ndiye aliyenunua gita, drams na saksafoni, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa kama karani. Walipanda lori, vyombo vimefungwa maturubai, wakapiga dansi Lindi, Nachingwea, Masasi, Newala. Mjomba anasema wakifika Newala Jumamosi jioni walikuwa wekundu kwa vumbi hata nyusi hazionekani, wananawa, wanavaa sare, na saa tatu wako jukwaani.

Bendi hiyo haikurekodi hata wimbo mmoja. Watu wa kusini wataelewa bila maelezo marefu, lakini wengine niwaambie. Kurekodi wakati ule kulikuwa ni kwenda Dar es Salaam, Redio Tanzania, na kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ndio ulioamua nani apite na lini. Masika ikishika, barabara ilikufa, tukabaki na meli. Bendi za Tanga na Morogoro zilifika studio, zikasikika nchi nzima, na zinasikika mpaka leo kwenye vipindi vya zilipendwa. Hata Kilwa Jazz, yenye jina la kwetu, maskani yake yalikuwa Dar. Bendi ya mjomba ilijulikana hadi pale spika zake zilipofika.

Miaka ya 1980 hali ilipokuwa mbaya, matete ya saksafoni hayakupatikana kabisa. Mjomba alichonga mianzi kwa wembe akaiweka badala yake. Midomo ilichubuka, sauti ikawa na mkwaruzo, dansi likaendelea. Hatimaye shirika likasema halina tena uwezo wa kulea bendi. Wakaambiwa warudishe vyombo stoo. Mjomba aliisafisha saksafoni, akaipangusa na mafuta, akaifungia kwenye sanduku lake, akatia saini daftari la stoo. Kitu kimoja hakukirudisha: kile kipande cha kutia mdomoni. Alikuwa amekinunua kwa hela yake kwa baharia bandarini. Kipo mpaka leo kwenye mkebe, kimeviringishwa kitambaa, na nilipokuwa mtoto alikuwa akikitoa mara mojamoja na kukipuliza kikavu, bila chombo. Haitoki noti. Inatoka hewa tu, ndefu, sawasawa. Ndiyo sauti niliyoisikia usiku ule wa Ramadhani.

Nilimpelekea albamu baada ya Idi. Tulikaa barazani baada ya isha, chai ya tangawizi, sahani ya korosho, spika yangu ndogo juu ya kigoda.

"Hii ni nini?"

"Jazi, mjomba."

"Jazi gani haina tumba?"

Sikumjibu. Kwetu neno hilo limekaa kwenye majina ya bendi za dansi tangu kabla ya uhuru, na dansi bila tumba ni ugali bila mboga. Nikamwachia asikilize. Noti saba zikaja, zikaenda, zikaja. Kwenye mzunguko wa kumi hivi nikaona kidole chake kinagonga goti, lakini si pale noti zinapopigwa. Kilikuwa kinagonga ndani ya kimya, mahali ambapo pumzi inavutwa.

"Hawa wanapiga zikri," akasema.

Nimesoma maneno mengi mazuri kuhusu albamu hii, lakini hakuna lililoifungua kwangu kama hilo. Mjomba amekulia Mikindani kwenye twarika, na pwani hii ya kusini, kutoka Lindi mpaka Mtwara, zikri ina mizizi ya zaidi ya karne. Aliyekaa kwenye halka, lile duara la wapiga zikri, anajua kwamba jina linaporudiwa mara mia halirudiwi kwa sababu mtu amekosa la kusema. Wanaobadilika ni waliokaa, jina linabaki pale pale. Mara ya tatu uko nje, mara ya arobaini uko mahali pengine, na kifua chako kimeanza kupumua pamoja na vifua vya wenzako. Wengine walilalamika kwamba Promises haiendi popote, noti saba mwanzo mpaka karibu na mwisho. Ningependa walalamikaji hao wakae usiku mmoja kwenye zikri, kisha waisikilize upya.

Katika sehemu ya nne Pharoah anaiweka saksafoni kando na kutumia mdomo wake. Haimbi maneno. Anaguna, anatatarika kwa ulimi, ananong'ona visilabi kama mtoto anayejifunza kusema, au mzee anayeongea na mtu ambaye sisi hatumwoni. Mara ya kwanza niliona haya kidogo, kama nimefungua mlango wa chumba cha mtu. Mjomba alitabasamu. "Hapo hajapumzika," akaniambia. "Chombo kimetoka mdomoni, mdomo bado unapiga. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo kwenye mazoezi, tukirudi nyumbani usiku na njia ni ndefu."

Nikamweleza kwamba huko waliko wachambuzi wapo waliosema mzee anapuliza kidogo mno. Kwamba jina lake liko mbele lakini kazi kubwa ni ya kijana na okestra. Kwamba huenda umri umemmaliza pumzi na wamemficha nyuma ya nyuzi. Akaniambia nirudishe sehemu ile ya kwanza.

"Sikiliza anapokata. Mtu aliyeishiwa pumzi, noti yake inalegea mwishoni, inashuka. Huwezi kuficha. Ya huyu inakaa pale pale mpaka anaiachia mwenyewe. Pumzi anayo. Hajataka kuitoa tu."

Nimerudia kipimo hicho mara nyingi, kwa visikilizio vizuri na vibaya, na kila mara namkuta mjomba amesema kweli. Tena ukitaka ushahidi zaidi, ngoja sehemu ya saba. Hapo mitambo ya Shepherd inaanza kuchemka, na Pharoah anainuka nayo, sauti inakuwa nene na yenye makali, na kwa dakika chache yule kijana wa 1969 anasimama mlangoni. Haingii ndani. Anaonekana, anarudi. Mtu asiye na pumzi hawezi hata kuufikia mlango huo.

Kwa jumla albamu ilipokelewa kwa heshima kubwa. Pitchfork, jarida la muziki la mtandaoni, waliipa alama 9.0 kati ya 10, ikaingia kwenye orodha fupi ya Tuzo ya Mercury, ya albamu bora ya mwaka kule Uingereza, mwaka huohuo, na Desemba ilipofika magazeti mengi yaliitaja miongoni mwa kazi bora za mwaka. Nilifurahi kama vile ni ndugu yangu aliyesifiwa. Lakini kuna namna mbili za sifa zilizoniumiza.

Ya kwanza ni ile iliyoifanya kuwa muziki wa kutuliza. Naelewa ilikotoka. Watu walikuwa wamefungiwa ndani, wamezika wapendwa wao bila kuwaaga, na hapa panakuja dakika 46 zisizo na haraka. Wengine waliandika kwamba waliiweka wapate usingizi. Mimi sijapata kulala nayo. Aliyepiga kelele kiasi kile ujanani, kisha akakaa kimya kiasi hiki uzeeni, hajawa mpole. Ameshikilia kitu kizito kwa mikono miwili asikidondoshe, na wewe msikilizaji unahisi uzito wake kila anaponyamaza.

Ya pili ni ile hadithi kwamba kijana wa Kiingereza alimwokota mzee aliyesahauliwa. Siyo hivyo. Pharoah hakuacha kupiga. Ni kweli kwamba kwa karibu miaka 20 hakuwa ametoa albamu kubwa kwa jina lake, lakini alikuwa anapanda majukwaani, na mwaka 2016 taifa lake lilimpa heshima ya NEA Jazz Master, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwa mwanamuziki wa jazi kule Marekani. Inavyosimuliwa, yeye ndiye aliyesikia Elaenia, albamu ya Shepherd ya mwaka 2015, akaipenda, akataka kukutana naye. Mzee ndiye aliyemchagua kijana. Sifa ninayompa Shepherd kwa moyo wote ni nyingine: alipochaguliwa, alijua kungoja. Alitengeneza kitu chenye nafasi nyingi ndani yake, akakaa kando, na mzee alipovuta pumzi, kinasa sauti kilikuwa wazi.

Na nisiisifu yote. Katika sehemu ya sita nyuzi za London zinapanda, zinafura, zinajaa chumba kizima, na mimi huona zimezidi. Ni nzuri, zimepigwa kwa ustadi, lakini zinaniambia nilie, na mpaka hapo hakuna aliyekuwa ananiambia nifanye nini. Mjomba hakukubaliana nami. Alisema hata kwenye dansi ulifika wakati gita zote zilipigwa kwa pamoja ili mpulizaji akapate maji.

Sehemu ya nane ilipofifia niliinua mkono kuzima. Kulikuwa kimya kabisa, nikasahau kwamba kuna ya tisa. Mjomba akanishika kifundo cha mkono.

"Bado."

Na kweli, nyuzi zikarudi, chache, za ajabu, bila noti saba, bila Pharoah. Kisha ndiyo ikawa basi. Nilimuuliza alijuaje, maana alikuwa anaisikia mara ya kwanza. Akasema hajui, ila aliona halka bado haijafungwa.

Pharoah Sanders alifariki Los Angeles tarehe 24 Septemba 2022, wiki tatu hazijatimia kabla ya kufikisha miaka 82. Habari niliipata jioni nikiwa shambani, korosho za kwanza zimeanza kudondoka. Nikaenda moja kwa moja kwa mjomba. Aliitikia inavyopasa, akauliza kama ameacha watoto, akauliza alikuwa anaumwa nini. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Ile ya mwisho, aliisikia ikiwa tayari?" Nikamwambia ndiyo, aliishi mwaka mmoja na nusu tangu itoke. Akatikisa kichwa, kwa kuridhika nadhani.

Mwaka uliofuata, Septemba 2023, kazi hiyo ilipigwa jukwaani Hollywood Bowl, Los Angeles, na mahali pa Pharoah alisimama mpulizaji saksafoni Mwingereza, Shabaka Hutchings. Alipewa kazi nzito, na namheshimu kwa kuikubali.

Mimi usiku ule wa msiba nilirudi nyumbani nikiwa na hesabu kichwani. Miaka mitano, tangu mzee aisikie Elaenia hadi nyuzi za mwisho kunaswa. Miaka mitano mtu alimngoja mtu. Na mimi nina mjomba mwenye miaka 80, nyumba yake iko dakika kumi kwa bodaboda kutoka kwangu, simu yangu ina kinasa sauti, na sijawahi hata siku moja kumwambia aniimbie alichokuwa anapiga.

Nilikwenda Jumapili iliyofuata. Alikataa. Nikaenda tena. Alisema meno ya mbele hayapo, sauti itatoka vibaya. Mara ya tatu shangazi, mkewe, alituletea chai, akamwambia, "Baba, mtoto amekuja mara tatu," akaondoka zake. Mjomba akaingia ndani, akatoka na mkebe.

Hakupuliza. Alikishika kile kipande mkononi tu, akakigeuzageuza, na kwa mdomo akaanza kuimba sehemu ya saksafoni ya wimbo waliokuwa wakifungia dansi la mkesha wa mwaka mpya. Ta-ra-ra, hivyo hivyo, bila maneno, macho ameyafumba. Mara nyingine aliruka akaimba besi, mara gita la solo, ili nisikie saksafoni ilikuwa inajibu nini. Akakosea, akarudi nyuma, akapata. Niliweka simu juu ya kigoda kilekile.

Akafika mwisho, akanyamaza. Nikanyoosha mkono kuizima simu. Akainua kidole.

Kwenye rekodi unasikia bodaboda inapita, mbuzi wa jirani, mtu anagonga sufuria. Sekunde kumi na nne, nimezihesabu. Kisha unasikia hewa inavutwa, na noti nne.

Nimeiweka kwenye kadi mbili, na nakala nyingine kwa rafiki yangu wa Dar.